Somo: Shingo iliyopoteza mpindo wake

Asalam aleikum ndugu zangu,

Wengi wenu mmenitumia picha za eksirei za shingo, na ripoti karibu zote zasema maneno yaleyale: mpindo wa shingo umenyooka, au umegeuka. Kuna waliokwisha kuanza kuuliza bei ya operesheni kabla hawajaulizwa na mtu yeyote wanaumwa wapi. Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Lamu, na jambo ninalotaka mlishike ni hili: tunatibu mtu, hatutibu picha. Shingo mbili zenye picha moja zaweza kuwa na hali mbili mbalimbali kabisa, moja ya kufanyiwa mazoezi nyumbani na moja ya kukimbizwa hospitali leo.

Hatua ya kwanza: ujue mpindo wenyewe

Shingo ina pingili saba za mfupa. Ukimtazama mtu ubavuni, pingili hizo hazikusimama wima kama nguzo; zimebinuka kidogo kwenda mbele, na ubonde uko upande wa kikosi, yaani nyuma ya shingo. Mpindo huu huitwa lodosisi. Mtoto mchanga anao kidogo tu, nao huzidi kujengeka anapoanza kuinua kichwa akilazwa kifudifudi. Kwa mtu mzima, vitabu vingi huhesabu digrii 20 hadi 40 kuwa ndiyo kawaida, lakini watu hutofautiana sana. Kichwa kina uzito wa kilo 5 hivi, na mpindo huo ndio unaosaidia kukibeba bila misuli ya kikosi kuchoka kutwa.

Mpindo ukipungua, twasema shingo imenyooka. Ukigeuka kabisa, ubonde ukaja mbele na nundu ikaenda nyuma, hiyo ni kaifosisi. Nasikitika kuona hali hizi mbili zikichanganywa. Shingo iliyonyooka huonekana hata kwa watu wasioumwa na kitu. Tena misuli ikikaza kwa maumivu, au ukishusha kidevu kidogo wakati wa kupigwa picha, shingo hutoka imenyooka siku hiyo. Kaifosisi kubwa, hasa inayozidi mwaka hadi mwaka, hiyo ndiyo ya kufuatwa na daktari bingwa.

Vyanzo ni vingi: diski, yaani vitakia laini vya katikati ya pingili, kuchakaa kwa umri, ajali ya bodaboda au kuanguka mnazini, operesheni ya zamani iliyoondoa mfupa nyuma ya shingo, baridi yabisi, kifua kikuu cha mifupa, na wengine huzaliwa nayo. Mkao wa kuinama hauna nguvu ya kuvunja shingo kama watu wanavyotishana, lakini huchosha. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akakadiria kwamba kichwa kikiinama digrii 60, mzigo unaoifikia shingo ni kilo 27 hivi. Ni makadirio, si kipimo cha watu hai, ila yatosha kueleza kwa nini kikosi huwaka moto jioni.

Hatua ya pili: kabla ya zoezi lolote, tafuta dalili za hatari

Hapa nawaomba msome polepole. Ndani ya pingili mnapita ugwe mkuu wa fahamu, unaopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi mikononi na miguuni. Ukibanwa, mara nyingi hausemi kwa maumivu. Husema kwa vidole. Mtu huanza kushindwa kufunga vifungo vya kanzu, sindano humponyoka, mwandiko hubadilika, kikombe cha kahawa chaanguka bila sababu. Kisha miguu huwa mizito, huyumba akitembea gizani, hujikwaa kwenye vizingiti vya nyumba yake mwenyewe. Wengine wakiinamisha kichwa huhisi kama umeme unashuka mgongoni. Na haja ndogo au kubwa ikianza kumtoka bila kujua, au ikagoma kutoka, hiyo ni dharura ya leo.

Dalili nyingine ni homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya shingo yasiyolala. Hapo lazima kifua kikuu kitafutwe, hata kama hukohoi. Dawa zake katika hospitali za serikali nchini Kenya ni bure, kwa hiyo usikae nyumbani kwa kuogopa gharama. Na aliyepata ajali, au aliyewahi kuugua saratani, asianze na mazoezi. Kwanza aonwe.

Ukiwa na lolote kati ya haya, acha kusoma hapa uende hospitali ya kaunti. Huenda ukaambiwa uende Mombasa kwa picha ya MRI, ambayo huonesha ugwe na diski vitu ambavyo eksirei haivioni. Kwa watu wa aina hii operesheni huwa ndiyo dawa, na kuchelewa hugharimu nguvu ambazo pengine hazirudi zote.

Hatua ya tatu: itazame siku yako

Kazi zetu nyingi za mji huu ni za kuinama. Mshona kofia huinamia tundu zake saa nyingi. Mchonga milango naye kichwa chake kiko juu ya ubao uliolazwa chini. Msuka ukili, mpaka hina, kijana na simu yake barazani, wote wana shingo moja. Siwaambii muache kazi. Nawaambia muinue kazi ije machoni. Kofia iwekwe juu ya mto uliopakatwa mapajani, mikono iegemee. Ubao wa mlango uinuliwe juu ya meza au magogo. Wazee wetu walijua siri hii katika kusoma: msahafu huwekwa juu ya marufaa, haulazwi sakafuni. Simu nayo ishikwe usawa wa kifua kwenda juu, na kiwiko kiegemezwe kwa mkono wa pili.

Kubwa kuliko vyote ni kubadilisha mkao. Kila nusu saa simama, zungusha mabega, tazama mbali. Hakuna mkao mmoja mzuri unaofaa kukaliwa kutwa.

Hatua ya nne: mazoezi

Yafanye ukiwa huna dalili za hatari. Kuvutika kwa misuli kikosini si neno. Maumivu yakishuka mkononi au ganzi ikizidi, acha zoezi hilo.

Anza na kidevu. Kaa wima, tazama mbele, kisha kirudishe kidevu nyuma moja kwa moja, pasi na kukiinua wala kukishusha, kama droo ya kabati inavyorudi ndani. Utahisi kikosi kinarefuka. Shikilia kwa sekunde 5, achia, rudia mara 10. Asubuhi, mchana na jioni. Wengi hukosea kwa kuinamisha kichwa. Weka kidole kidevuni kikuongoze.

La pili, kaza misuli bila kusogeza kichwa. Kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kiganja na kiganja kikatae, kwa nguvu kidogo tu, sekunde 5 hadi 10. Kisha nyuma ya kichwa, kisha kila upande. Pumua, usijizuie.

La tatu ni la mabega: yavute nyuma na chini, mbawa za mgongo zikaribiane, sekunde 5, mara 10. Na kifua kilichokaza kinyooshe mlangoni. Milango myembamba ya nyumba zetu za mawe yafaa sana kwa hili: weka mikono miwili kwenye miimo, viwiko usawa wa mabega, songa mguu mmoja mbele mpaka kifua kivutike, hesabu hadi 30. Shingo haikai vizuri juu ya mgongo uliojikunja, ndiyo maana zoezi hili silitoi hata mgonjwa akiwa na haraka.

Jipe wiki sita kabla ya kuhukumu. Na usiende kupiga eksirei nyingine ili kuona kama mpindo umerudi. Kwa mtu mzima huenda usirudi kama ulivyokuwa, na bado akalala usingizi, akafanya kazi na maumivu yakamwacha. Hicho ndicho kipimo.

Hatua ya tano: mto, joto, dawa

Mto mmoja, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu. Ule mto wa usufi ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu hukunja shingo usiku kucha, upunguze usufi. Usilale kifudifudi. Kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hulegeza misuli kabla ya mazoezi. Panadol yasaidia siku mbaya. Brufen isitumiwe ovyo na wenye vidonda vya tumbo, figo, presha au wajawazito. Kola ya shingo nayo si ya kuvaa miezi, kwani misuli hulala. Huvaliwa kwa agizo, mara nyingi baada ya ajali au operesheni.

Kukandwa taratibu kwa mafuta sikukatazi. Kuzungushwa shingo kwa ghafla mpaka ilie, hilo nalikataa kabisa, awe anayefanya ni jirani, kinyozi au mkandaji mwenye sifa. Ndani ya pingili hizo hupita mishipa ya damu ya kwenda kwenye ubongo. Ni nadra kuchanika, lakini ukichanika ni kiharusi.

Maswali ya wanachama

Mshona kofia, Langoni: Maalim, shikamoo. Mimi nimeambiwa shingo yangu imenyooka kama fimbo. Naumwa kikosi na kichwa nyuma, jioni zaidi, mikono haina neno. Kuna aliyeniambia nisipokatwa nitapooza. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Si kweli, na aliyekwambia amekuonea. Mikono ina nguvu, miguu ina nguvu, maumivu yaja na kazi na kupungua ukipumzika: hiyo ni misuli iliyochoka. Anza hatua ya tatu leo, ya nne kesho. Maumivu ya kichwa yanayoanzia kikosini mara nyingi nayo hupoa shingo ikipoa. Niandikie baada ya wiki sita.

Hamali, bandarini: Sisi twabeba magunia kichwani na begani kutoka majahazini. Je, ndiyo yaliyonipinda?

Kaka, kubeba kichwani huikandamiza shingo, na wabebaji wengi huumwa, lakini siwezi kusema ndicho kilichokupinda bila kukuona. Gunia zito lipe mkokoteni au punda. Palipo na ngazi tu, bebeni wawili. Usilitupe gunia kwa kutikisa kichwa, mwenzako akupokee. Na kama una ganzi ya mkono mmoja inayofuata kidole kilekile kila siku, njoo uonwe, huenda ni mshipa wa fahamu unabanwa na diski.

Mama, Mkomani: Mwanangu wa kidato cha pili amejikunja kwa simu, nundu yaonekana nyuma ya shingo. Nimnunulie ule mkanda wa mgongo?

Pesa hizo zihifadhi, dada. Mkanda ukivuliwa, mgongo hurudi ulikokuwa. Mtoto wa umri huo ahitaji kuogelea, mpira, na mazoezi mawili ya mwanzo niliyoandika. Mwambie ajinyooshe: nundu ikitoweka, ni mkao. Ikibaki vilevile hata akijinyoosha au akilala chali, mlete, kwani kuna magonjwa ya mifupa ya ujana yanayohitaji picha. Usimkaripie mezani kila mara. Mtoto anayeambiwa kutwa kwamba amepinda huanza kuumwa kwa hofu.

Mzee, Matondoni: Mwanangu, mimi nina miaka sabini na kitu. Shingo hainiumi sana. Ila vifungo sasa nafungwa na mjukuu, na nikienda msikitini alfajiri nashika ukuta. Mazoezi haya nifanye mangapi kwa siku?

Shikamoo mzee wangu. Usifanye hata moja. Vidole na miguu pamoja ndizo dalili nilizoandika katika hatua ya pili, na kutoumwa kusikupumbaze. Kesho asubuhi uende hospitali ya kaunti, umwambie daktari habari ya vifungo na habari ya ukuta, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Akupime nguvu na mwitiko wa miguu. Mjukuu akufuate, akushike mkono ukiteremka kwenye mashua. Usikubali kukandwa shingo wala kuvutwa na mtu. Swala sali ukiwa umekaa kitini mpaka uonwe. Imamu wako atakuelekeza.

Mzee, Matondoni: Ahsante. Dawa zangu za presha niziache nikienda kupimwa?

Usiziache. Meza kama kawaida, na uende nazo zote mfukoni daktari azione.