Kabla ya Kufungua Maabara ya Pamoja ya Nano

Wanaopanga maabara ya pamoja ya nano, yaani ya kushirikiwa na watafiti wengi wanaoshughulika na vitu vidogo mno, huanza na orodha ya mashine. Mimi ningeanza na kiwanja. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita: unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na hadubini ya elektroni imeundwa kuchunguza vitu vya nanomita chache tu, kwa hiyo lori likipita barabarani au pampu ya maji ikinguruma ghorofa ya pili, picha inaharibika. Kabla michoro ya jengo haijapitishwa, mwiteni mtaalamu apime mtetemo na uga wa sumaku papo hapo kiwanjani, saa 24 mfululizo, maana usiku na mchana havifanani. Lifti ichungwe zaidi: hutikisa sakafu, na chuma chake kikisogea huyumbisha miale ya elektroni. MIT.nano, maabara ya nano ya chuo cha MIT iliyofunguliwa mwaka 2018 huko Massachusetts, Marekani, iliziweka hadubini zake nyeti chini ya ardhi.

Umeme nao una mambo yake. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuharibu kazi ya siku nzima, kwa hiyo pawe na betri za kuziba pengo hilo. Kwa chuo kilicho mwambao, mitambo ya kupoza na kukausha hewa itafanya kazi usiku na mchana. Gharama yake iingie kwenye bajeti ya kila mwaka, isihesabiwe ya ujenzi. Chumba safi, yaani kile ambacho hewa yake huchujwa vumbi, kisiwe kikubwa kwa ajili ya fahari. Daraja la ISO 5, katika viwango vya kimataifa vya usafi wa hewa, huruhusu chembe 3,520 tu za ukubwa wa nusu maikromita (nanomita 500) au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa, na kuitunza hali hiyo ni ghali mno.

Usalama usiachiwe mabango ukutani. Naitrojeni ya kimiminika, inayotumika kupozea vifaa, ikigeuka gesi hujitanua takriban mara 700, ikaisukuma nje oksijeni ya chumba bila rangi wala harufu. King'ora cha oksijeni kifungwe kabla mtungi wa kwanza haujaingia. Ya kutisha zaidi ni asidi ya haidrofloriki, inayotumika kumomonyoa kioo na silika. Ikiwa hafifu, aliyemwagikiwa anaweza asihisi kitu kwa saa kadhaa, huku inapenya ngozi na kunyang'anya mwili kalsiamu hadi moyo uathirike. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka palipomwagikiwa, iwe karibu na meza ya kazi, haijapita muda wake, na hospitali ya jirani ielezwe mapema. Daktari wa zamu asije akaisikia asidi hiyo kwa mara ya kwanza mgonjwa akiwa kitandani.

Fundi wa kudumu aajiriwe mashine zikiwa bado njiani, ashuhudie zinavyofungwa. Mkataba wa matengenezo na vipuri usainiwe pamoja na ule wa ununuzi, kwa kuwa baada ya kulipa hamna tena nguvu ya kubembeleza bei.

Kisha swali la nani alipe. Molecular Foundry, maabara ya nano ya pamoja iliyoko Berkeley, California, haiwatozi watafiti watakaochapisha matokeo yao, ila maombi yao hupimwa kwanza na wataalamu wenzao. Anayetaka kuficha matokeo hulipa gharama yote. Mkichagua utaratibu mwingine sawa, lakini uandikwe kabla utepe haujakatwa. Majaribio ya kwanza yawahusishe watafiti wa nje ya chuo mwenyeji, na ratiba ya miadi ionekane na wote, zikiwemo saa za fundi.