Kuzunguka Balkani bila gari: panga meli kwanza, mabasi yatafuata

Watu wengi wakipanga Balkani, yani kusini mashariki mwa Ulaya, wanafungua ramani wanachora mstari, Zagreb, Split, Dubrovnik, Kotor, Tirana, alafu wanatafuta basi la kila kipande, wakishamaliza na hoteli wamelipia ndo wanakumbuka kumbe kuna visiwa. Mimi nasema geuza. Basi likikuacha, la kesho lipo, na njia kubwa kama Split kwenda Dubrovnik hata la baada ya masaa mawili lipo, lakini boti ya kwenda kisiwa kama Korčula inaweza kuwa moja tu kwa siku, ikijaa imejaa, na nyingine ukienda Novemba unakuta hazipo kabisa. Kwahiyo chukua karatasi andika kwanza siku za meli, zile ambazo huwezi kuzisogeza, alafu mabasi unayapachika katikati.

Kwenye pwani ya Kroatia kuna vyombo vya aina mbili na ukivichanganya safari inavurugika. Kuna trajekt, hii inabeba magari, ni pantoni kama la Kigamboni ila kubwa zaidi na lina mgahawa ndani. Alafu kuna katamaran, boti ya kasi, abiria tu. Trajekt kwa mtu wa miguu karibu siku zote utapata nafasi, unakata tiketi dirishani unapanda, wanaohangaika na foleni ni wenye magari. Katamaran ina viti vya kuhesabu, na Julai na Agosti zile za Split kwenda kisiwa cha Hvar zinajaa mapema kwahiyo hiyo nunua mtandaoni ukishajua tarehe. Pia katamaran inaogopa upepo, kuna bura unaotoka milimani na jugo unaotoka kusini, siku ukivuma kweli kweli boti za kasi zinafutwa wakati trajekt bado inaenda. Ndo maana usipange katamaran siku hiyo hiyo una ndege ya kurudi. Weka usiku mmoja katikati, hata kama ni usiku wa kulala tu.

Kampuni kubwa ni Jadrolinija, ya serikali, hao wana trajekt karibu zote na katamaran nyingi, alafu kuna Krilo wenye boti za kasi kati ya Split, Hvar, Korčula, Mljet na Dubrovnik kuanzia majira ya kuchipua mpaka Oktoba hivi. Ukisoma ratiba angalia maandishi madogo chini ya jedwali, hapo ndo penye mambo. Nedjeljom ni Jumapili, osim nedjelje ni isipokuwa Jumapili, praznik ni sikukuu, polazak ni kuondoka, dolazak ni kufika. Maneno matano tu hayo yatakuokoa kuliko programu yoyote ya simu. Na hakikisha unasoma ratiba ya msimu wenyewe, maana wana ya kiangazi na ya baridi, na ukitafuta Machi mara nyingi ya kiangazi haijawekwa kamili.

Bandari sasa. Split ni raha, bandari, stendi ya mabasi na stesheni ya treni vyote viko sehemu moja, unashuka basi unavuka unapanda meli. Dubrovnik nayo stendi na bandari viko mtaa wa Gruž, karibu karibu, mji wenyewe wa ukuta ndo uko mbali kidogo unapanda basi la mjini. Zadar ndo inawachanganya watu, katamaran zinatokea pembeni ya mji wa kale lakini trajekt kubwa ziko Gaženica, kilomita kadhaa nje, kwahiyo soma tiketi vizuri. Hvar hivyo hivyo, katamaran nyingi zinakushusha Hvar mjini lakini trajekt kutoka Split inaenda Stari Grad, upande mwingine wa kisiwa, ila usiogope kuna basi linasubiri meli, wewe ukishuka usianze kupiga picha nenda kwenye basi moja kwa moja maana likijaa linaondoka. Korčula nayo, trajekt ya kutoka Orebić inatia nanga Dominče, nje ya mji, wakati boti ndogo ya abiria inakufikisha mjini kabisa. Mwenye begi la magurudumu achukue boti ndogo.

Haya, viza, maana hapa ndo pasi zetu za Afrika Mashariki zinapoachana na ushauri mwingi ulioandikwa na wazungu kwa ajili ya wazungu wenzao. Kroatia iliingia Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na euro siku moja, 1 Januari 2023. Slovenia na Ugiriki wamo tangu zamani, Bulgaria na Romania wamefungua mipaka ya barabara 1 Januari 2025. Bosnia, Montenegro, Albania, Serbia, Kosovo na Masedonia Kaskazini wako nje, kila mmoja na sheria yake. Habari njema ni kwamba wengi wao wanamruhusu mwenye viza ya Schengen ya maltipo, yani ya kuingia zaidi ya mara moja, au mwenye kibali cha kuishi Ulaya, kukaa muda mfupi bila viza nyingine. Montenegro na Bosnia ni mpaka siku 30, Masedonia Kaskazini 15, na Albania wanataka hiyo viza uwe umeshaitumia kuingia Schengen angalau mara moja. Sheria hizi zinabadilika, kwahiyo kabla hujalipa kitu fungua tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya kila nchi usome mwenyewe, na uchapishe ukurasa huo uende nao. Konda na afisa wa mpakani wote wanaheshimu karatasi.

Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, basi ukitoka Kroatia kwenda Mostar, Bosnia, kuzurura umeshatoka, kurudi Split hamna. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Pwani ya Kroatia imekatwa na kipande cha Bosnia, mji wa Neum. Julai 2022 walifungua daraja la Pelješac linalozunguka pale juu ya maji, lakini bado kuna mabasi ya Split kwenda Dubrovnik yanayopita Neum kwa sababu yana abiria wa kushusha huko. Ukipanda hilo unatoka Schengen na kuingia tena ndani ya muda mfupi, kwa mwenye viza ya mara moja hapo kuna balaa. Uliza dirishani kabla ya kukata tiketi, taja tu Pelješki most wataelewa. Au panda boti, katamaran ya Split mpaka Dubrovnik haitoki Kroatia hata kidogo, na visiwa unaviona njiani. Hapo ndo naposema tena meli kwanza.

Mipaka kwa basi ina utaratibu wake. Sehemu nyingi konda anapita anakusanya pasi zote anaenda nazo kibandani, akirudi anazigawa, wewe hakikisha umepewa ya kwako na kama unahitaji muhuri upo kabla basi halijang'oa. Sehemu nyingine mnashuka wote na mizigo. Pasi ya Kenya au Tanzania itachukua dakika zaidi kuliko ya Mjerumani, ndo hali halisi, basi zima linakusubiri na watu wanakuangalia, wewe kaa viti vya mbele, uwe na kibali cha kuishi mkononi, nafasi ya hoteli na bima vimechapishwa, jibu maswali kwa ufupi yataisha. Tangu Oktoba 2025 Schengen wameanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha mipakani kwa wageni wa muda mfupi, wenye vibali vya kuishi hawamo, lakini foleni mtakaa wote. Mpaka wa Dubrovnik na Montenegro ni mbaya zaidi Agosti, ramani itakuambia kilomita 90 na kitu mpaka Kotor, wewe tenga nusu siku. Mabasi ya usiku yanayovuka mipaka mimi siyapendi, unaamshwa unatoka nchi moja, unasinzia, unaamshwa unaingia nyingine, hoteli uliyookoa unailipa kwa usingizi.

Tiketi za basi kwenye njia kubwa unaweza kununua mtandaoni, FlixBus wapo na GetByBus inaunganisha kampuni nyingi za ndani, ila soma kama wanataka tiketi iliyochapishwa. Ukiwa Bosnia, Serbia na Montenegro ratiba ya ukweli ni ile iliyobandikwa stendi, kwahiyo ukifika mji leo, kabla hujatoka stendi uliza basi la keshokutwa. Kuna stendi unalipia na kuingia peroni, yani pale basi linaposimama. Begi linalowekwa kwenye buti linalipiwa kivyake, euro moja au mbili hivi, sarafu, taslimu, na konda hana chenji kwahiyo weka sarafu mfuko wa mbele. Ukiwa unashuka kusini kando ya bahari kaa upande wa kulia. Kuelekea Kotor dereva mwingine anapanda feri fupi ya Kamenari na Lepetane kukata ghuba, unaokoa muda lakini mji mdogo wa Perast huuoni, mwingine anazunguka ghuba nzima na hiyo ndo barabara ya kuona mchana.

Albania ni dunia nyingine na mimi naipenda kwa hilo. Kuna mabasi makubwa na kuna furgon, vibasi vidogo, unalipa kwa lek ndani ya gari, na mambo mengi yanaisha mapema, saa 9 alasiri sehemu za vijijini unaweza ukakuta hamna kitu. Amka. Kutoka Kotor au Ulcinj kuna usafiri wa kufika Shkodër, sio mwingi, na Shkodër ndo mahali pa kukaa siku kadhaa kwa sababu ya meli ambayo haiko baharini. Ziwa Koman ni bwawa la umeme kwenye mto Drin, maji yamejaa korongo, milima imesimama pande zote mbili na kuna familia ambazo njia yao ya kutoka ni boti tu. Utaratibu uko hivi: basi dogo linakuchukua hotelini Shkodër kama saa 12 na nusu asubuhi, feri inaondoka Koman saa 3, masaa mawili na nusu mpaka matatu unashuka Fierzë, basi dogo lingine linakupeleka kijiji cha Valbona. Tiketi ya vipande vyote vitatu inauzwa pamoja, hata mwenye nyumba ya wageni atakukatia. Kesho yake unavuka mlima kwa miguu mpaka kijiji cha Theth, siku nzima, njia imewekwa alama, na kutoka Theth kuna vibasi vya kurudi Shkodër. Begi kubwa liache Shkodër. Njia hii ni ya kiangazi, kabla ya Juni pale juu kunaweza kuwa na theluji.

Kutoka Tirana unachagua unavyotaka kutoka. Durrës iko kama saa moja kwa basi na kuna meli ya usiku kwenda Bari, Italia, unapanda usiku unashuka asubuhi. Tiketi ya bei chini ni ya staha bila kitanda, beba koti hata Julai, na fika masaa mawili kabla maana kuna ukaguzi wa pasi. Au shuka kusini mpaka Sarandë, ni safari ndefu ya basi, ukapande boti ya Corfu, kisiwa cha Ugiriki. Ya kasi ni nusu saa tu, kiangazi ziko kadhaa kwa siku, baridi zinapungua sana. Ugiriki iko mbele saa moja, kwahiyo ukitoka Sarandë saa 4 asubuhi unafika Corfu saa 5 na nusu, na aliyepanga kuunganisha meli ya Igoumenitsa, bandari ya Ugiriki bara, bila kuhesabu hilo ataiona inaondoka. Na njia zote mbili unaingia Schengen upya, ile maltipo tena.

Pesa na simu haraka haraka. Euro inatumika Kroatia, Slovenia, Ugiriki, na Bulgaria tangu 1 Januari 2026, pia Montenegro na Kosovo ingawa hawako Umoja wa Ulaya. Bosnia wana marka, Serbia na Masedonia Kaskazini kila mmoja dinari yake, Albania lek, zote zimalize kabla hujatoka maana nje hazibadilishiki kirahisi. Laini yako ya Ujerumani au Ufaransa ukivuka kuingia Bosnia inaweza kukata pesa vibaya mno, zima data mpakani. Nchi sita zilizo nje zimefuta gharama za rominga, yani za kutumia laini nje ya nchi yake, kati yao tangu Julai 2021, laini moja ya huko inakutosha zote.

Asubuhi stendi za Bosnia utakula burek, kitafunwa cha unga mwembamba kilichookwa na vitu ndani. Sarajevo jina hilo ni la nyama tu, za jibini na za viazi wanaita pita, na kwa anayetafuta halali huo mji hausumbui. Ila Sarajevo ina stendi mbili: kuu iko jirani na stesheni ya treni, na mabasi mengi ya Belgrade na Montenegro yanatoka ile ya mashariki, Lukavica, ng'ambo kabisa ya mji. Kutoka Sarajevo kwenda Mostar achana na basi siku hiyo, chukua treni, masaa mawili kando ya mto Neretva.

Ukitaka Serbia na Kosovo zote, anza Serbia. Serbia haitambui mipaka ya Kosovo, ukiingia Kosovo kutokea Albania au Masedonia Kaskazini alafu ukataka kuvuka kwenda Serbia moja kwa moja wanahesabu umeingia kinyume cha sheria wanakurudisha. Ingia Serbia kwanza upate muhuri, shuka Kosovo, Prishtina na Prizren, utokee Skopje ya Masedonia Kaskazini au Tirana. Na Belgrade stendi ilihamia Belgrade Mpya, Blok 42, Septemba 2024, maelezo ya zamani bado yanawapeleka watu kule karibu na mto Sava.