Kuvuka mataa na njia panda kwa baiskeli hapa Mbeya, hatua kwa hatua (hasa kukata kulia)

Hii nimeiandika baada ya kumzungusha mpwa wangu mjini. Katoka Rungwe, kapata kazi ya kusambaza mikate madukani kwa baiskeli, na kuendesha anajua sana, huko kwao anashuka milima na gunia la viazi kwenye keria bila shida, ila akifika mataa ya TANZAM (ile barabara kuu ya kwenda Zambia) anaganda, hajui asimame wapi wala aondoke lini. Wako wengi wa hivyo, Mbeya na Iringa pia, na wanaowafundisha wanawaambia tu "kuwa makini", ambayo haimsaidii mtu chochote. Kwaiyo nimeweka hapa vile ninavyofanya mimi kila siku ya kazi.

Hatua ya 1: Jihesabu kama chombo

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakuhusu na wewe mwenye baiskeli. Taa nyekundu ni yako, mshale ni wako, kushoto ni kwako. Ukishuka ukaikokota, hapo unatembea kwa miguu kama wengine na zebra inakuwa yako. Ukiwa umeipanda unakatiza kwenye zebra, wewe sio mtembea kwa miguu na dereva hakutegemei hapo kwa spidi hiyo. Chagua kimoja, usibadilishe katikati ya barabara.

Hatua ya 2: Breki kwanza, mengine baadaye

Mji wetu umekaa kwenye mteremko, ukitoka Uhindini kushuka TANZAM baiskeli inakimbia yenyewe, na wa Iringa mnaijua ile ya kutoka mjini kushuka Ipogolo, chini kabisa ndo unakutana na barabara kuu. Sasa zile baiskeli za kizamani zenye breki za vyuma, rimu ikilowa mpira unateleza tu, unabana na baiskeli inaendelea. Msimu wa mvua ukianza Novemba mpaka huko Aprili, kabla hujafika kwenye mataa anza kubana kidogo kidogo mapema ili rimu ikauke, ndo ubane kweli. Mimi nashauri weka breki za waya mbele na nyuma, hazina gharama kubwa na fundi yeyote wa Mwanjelwa anakufungia. Anayekwambia breki ya nyuma peke yake inatosha usimsikilize kabisa, ya mbele ndo inayosimamisha.

Taa nyeupe mbele, taa au riflekta nyekundu nyuma. Ukungu wa hapa asubuhi mnaujua. Kengele funga kwa ajili ya waenda kwa miguu, dereva wa Fuso haisikii.

Hatua ya 3: Kuikaribia njia panda

Usiende umebana kwenye mtaro. Najua wengi tumefundishwa hivyo, kwamba baiskeli ikae pembeni kabisaaa, na barabarani kwa kawaida kushoto ndo kwako, lakini mita thelathini hivi kabla ya njia panda ukiwa umejificha kwenye ukingo unakuwa huonekani, na bajaji inayotaka kukata kushoto itakupita halafu inakukatia mbele hapohapo. Geuka utazame nyuma (kugeuza shingo kweli, sio kusikiliza tu), nyoosha mkono, kisha sogea kidogo kuelekea katikati ya leni yako kama unaenda mbele. Aliye nyuma atasubiri sekunde chache. Atapiga honi, mwache apige, honi ni ushahidi kwamba kakuona.

Ishara ni hizi: mkono wa kulia ukinyooka unaenda kulia, wa kushoto ukinyooka unaenda kushoto. Onyesha mapema, kisha rudisha mkono kwenye usukani kabla ya kukata, usikate kona na mkono mmoja kwenye rami yenye mchanga.

Na ya bajaji: usiangalie indiketa, wengi hawawashi au imewaka tangu asubuhi. Angalia tairi la mbele. Tairi likianza kuinama kushoto, huyo anakata hata kama indiketa inasema kulia.

Hatua ya 4: Taa nyekundu

Simama. Nyuma ya mstari.

Kuna vijana wanabishana na mimi kwamba nchi za wenzetu baiskeli inaruhusiwa kupita nyekundu. Ni kweli kuna sehemu inaruhusiwa: jimbo la Idaho kule Marekani tangu 1982 sheria yao inamruhusu mwenye baiskeli akikuta kibao cha kusimama akichukulie kama cha kutoa njia tu, na kwenye taa nyekundu anasimama kwanza, akiona kweupe anaendelea. Majimbo mengine yakafuata kwa namna zao, Delaware 2017, Oregon 2020. Paris nako wamefunga vibao vidogo vya pembetatu chini ya taa, pale penye kibao tu ndo baiskeli inaruhusiwa kupita kwa kuelekea upande ulioonyeshwa, pasipo na kibao unasimama kama gari. Sasa angalia, kote huko kuna sheria iliyoandikwa na madereva wanaijua. Hapa kwetu haipo. Dereva wa semi anayeshusha mzigo wa Zambia akiona kijani anajua njia ni yake, hajajiandaa kukutana na wewe katikati, na gari yenye tani zile haisimami kwa kupiga kelele. Kwaiyo hata kama kweupe, hata kama saa kumi na mbili asubuhi, subiri.

Trafiki akiwepo, mkono wake unazidi taa. Taa ikiwa kijani na yeye kakunyooshea kiganja, umesimama.

Hatua ya 5: Lori likiwa limesimama kwenye taa, usipite kushoto kwake

Hii haina mjadala. Malori mengi usukani uko kulia, kwaiyo upande wa kushoto ndo uko mbali na macho ya dereva, na yeye yuko juu, ukiwa karibu na mlango wa kushoto saiti mira haikuoni. Alafu semi ikikata kushoto matairi ya nyuma hayapiti pale ilipopita kichwa, yanakata ndani zaidi, yanakuja mpaka ukingoni pale pale ulipojibana. Kichwa kinaweza kukupita vizuri ukadhani umesalimika, kumbe trela ndo linakuja.

Ukiikuta imesimama, kaa nyuma yake, subiri iondoke. Ikikukuta wewe umesimama, hakikisha uko mbele ya kutosha kiasi kwamba unamuona dereva usoni kupitia kioo. Humuoni, hakuoni.

Hatua ya 6: Kukata kulia

Hapa ndo tulipotumia muda mwingi na mpwa, Jumapili mbili nzima asubuhi, maana ukitokea upande wa Uyole unataka kupanda mjini lazima ukate kulia uvuke magari yote yanayokuja. Aliniuliza, "Mjomba, si nifanye kama pikipiki?" Yaani uhame kutoka kushoto, uingie katikati ya barabara, usubiri pale mpaka kuwe na nafasi. Kisheria unaweza kufanya hivyo, ila pikipiki inaondoka kwa injini, wewe una mikate na kilima mbele yako. Na barabara inavyopanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, leni za kukatiza ili ufike katikati zinaongezeka. Kwenye vibarabara vya mitaani, vya Sisimba huko, fanya kama pikipiki hamna neno. Kwenye TANZAM mimi nasema hapana, kata kwa awamu mbili.

Awamu mbili ni hivi. Taa yako ikiwa kijani hukati, unaenda mbele moja kwa moja ukiwa kushoto kama vile hukusudii kukata. Ukishavuka ile barabara inayokatiza unasimama kwenye kona ya mbele kushoto, unageuza baiskeli ielekee kulia, pale ambapo sasa uko mbele ya magari yaliyotokea kushoto kwako na yamesimama kwenye nyekundu yao. Wakipata kijani wao, na wewe unaenda nao mbele. Umekata kulia bila kukatiza leni hata moja. Denmark hii ni sheria kabisa, wao wanaendesha kulia kwaiyo kwao ni ya kukata kushoto, baiskeli hairuhusiwi kusogea katikati. Australia wanaendesha kushoto kama sisi na wenye baiskeli wanaifanya vilevile.

Kwa maneno ni rahisi. Sasa mambo yanayoharibu:

Kwanza, unapovuka ile awamu ya kwanza ndo bajaji na daladala zinapenda kukukatia kushoto. Uingereza walibadilisha mwongozo wao wa barabarani 2022 wakaandika wazi kwamba anayekata amsubiri mwenye baiskeli anayeenda mbele. Hapa usitegemee mtu akusubiri, angalia lile tairi la mbele niliyosema.

Pili, usisimame juu ya zebra. Watu wanavuka, watakusukuma, na trafiki atakutoa. Simama kati ya zebra na ile barabara uliyotoka, pana nafasi ya baiskeli moja, mara nyingine mbili.

Tatu, wale walio nyuma yako wapo wanaotaka kukata kushoto. Ukijibana ukingoni kabisa unawazibia, na kama wana mshale wao wa kushoto utapigiwa honi hadi uchanganyikiwe uondoke kwenye nyekundu, na hili ndo lilimpata mpwa zaidi ya mara moja. Sogea kidogo mbele ya leni ya wanaoenda moja kwa moja, waache wa kushoto wapite nyuma ya mgongo wako.

Nne, na hii ndo ilitula asubuhi nzima: ukiwa umesimama pale, taa ya wale unaoenda nao huioni. Iko nyuma yako, umeshaupita mstari. Mpwa alikuwa anaangalia taa ya barabara aliyotoka, ikiwa nyekundu anaondoka, anadhani sasa ni zamu ya wale wengine. Sio lazima! Njia panda nyingine zina zamu nne, upande mmoja mmoja, kwaiyo yako ikifunga inaweza kufunguka ya wale wanaotoka mbele yako na wanakata kulia, wanakuja usawa wako kabisa. Kwaiyo tafuta taa ya pili iliyoko ng'ambo, kule unakoelekea, ukiiona tumia hiyo tu. Kama haipo au imekufa, geuza shingo uangalie magari ya nyuma yako, yakianza kutembea kweli, sio kunguruma, ndo na wewe pedali. Panda umeweka gia nyepesi, na kama baiskeli haina gia weka pedali ya kulia juu tayari kabla, maana ukianza kwa kuyumba kwenye kile kilima gari la nyuma litakufikia.

Tano, njia panda ya miguu mitatu. Kama kushoto kwako hakuna barabara, hakuna gari litakalotokea huko uende nalo, kwaiyo awamu ya pili haina mwenyewe. Hapo usilazimishe. Pita, shuka, rudi kwenye zebra, ikokote uvuke na watu. Unapoteza dakika moja hivi.

Sita, ile kona ikiwa imejaa bodaboda wanaosubiri abiria, au konda kasimamisha daladala pale pale. Usijichomeke katikati yao. Fanya kama ya miguu mitatu, shuka ukokote.

Na trafiki akiwa anaongoza kwa mkono, simama kwenye kona umtazame mpaka macho yenu yakutane, muonyeshe kwa mkono unapoelekea. Wengi wakikuelewa wanakuruhusu na kundi linalofuata.

Jifunze Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Usijaribu mara ya kwanza Jumatatu ukiwa na mzigo.

Hatua ya 7: Kipilefti

Aliyeko ndani ya mzunguko, anayetokea kulia kwako, mpishe. Ukishaingia usizunguke ukiwa umebana pembeni kabisa, maana kila anayetoka atakupitia. Kaa katikati ya leni mpaka pale unapotokea. Kama ina leni mbili na malori, shuka utembee.

Hatua ya 8: Njia panda zisizo na taa

Unayetoka barabara ndogo unasubiri, hata kama hamna kibao.

Hatua ya 9: Ukigongwa

Kabla hujainuka, mtu asome namba ya gari au aipige picha. Usikubali kumaliza kwa elfu kumi barabarani kwa sababu husikii maumivu, mguu unavimba jioni. Nenda polisi uchukue PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) ndo uende hospitali nayo, na uitunze nakala, kwa sababu gari lolote linatakiwa kuwa na bima ya kumlipa mtu wa tatu na wewe ndo huyo mtu wa tatu, lakini bila taarifa ya polisi madai hayasogei. Baiskeli usiipeleke kwa fundi mpaka ikaguliwe. Wakikuuliza ulikuwa wapi, waeleze ulisimama upande gani wa mstari na taa ilikuwa rangi gani.