Somo: Mtoto akiwekwa chini ya taa za buluu, leso iondoke

Zamu ya usiku nilimkuta nyanya mmoja amemfunika mjukuu wake gubigubi kwa leso mpya, taa za kutibu manjano zikimulika maua ya leso. "Mwanangu, mtoto yu uchi mbele za watu, na feni hiyo yapuliza," akaniambia. Sikuweza kumkasirikia. Damu ilikuwa imepimwa mara mbili na manjano hayashuki, nasi wauguzi tulishaanza kuilaumu mashine. Ndipo nikaona niandike somo hili.

Mtoto mchanga huvunja chembe nyekundu nyingi za damu, na mabaki yake ni rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini lake bado changa, halijaweza kuitoa yote. Mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hadi 490 hivi, huigeuza bilirubini iliyo ngozini ikawa na umbo linaloyeyuka majini, likatoka kwa nyongo na mkojo bila kulingoja ini. Kazi yote hiyo hufanyika pale mwanga unapogusa ngozi. Ukigusa leso, inayotibiwa ni leso.

Aliyeligundua hilo alikuwa muuguzi, na hapo huwa najivuna kidogo. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford huko Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto bustanini juani. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya manjano. Pembe ya shuka ndiyo iliyokuwa imelala hapo. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo.

Haya, hatua zenyewe.

1. Kwanza damu ipimwe. Ngozi yetu nyeusi huficha manjano. Bonyeza paji la uso au pua kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Tazama na ufizi na weupe wa macho. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, usingoje kuche. Vilevile yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akikataa titi, akilala haamki, akilia kwa sauti nyembamba, akijipinda mgongo. Bilirubini ikiingia ubongoni yaweza kumwachia uziwi na ulemavu wa viungo maisha yake yote. (Na hii si homa ya manjano ile ya mbu, msitishane.)

2. Mvue, abaki na nepi ndogo tu. Kofia, soksi na leso vikae kando. Mafuta ya nazi yangoje.

3. Mfunike macho kwa kitambaa chake maalumu. Hiki ndicho hunikosesha raha, maana huteleza kikaziba pua. Mtazame kila mara. Wakati wa kunyonya kivue, umsafishe macho, naye akuone.

4. Taa iwe karibu kadiri mashine inavyoruhusu. Balbu hupoteza nguvu huku bado zinawaka vizuri machoni mwetu, kwa hiyo mwulize muuguzi kama zimepimwa. Si utovu wa adabu kuuliza.

5. Nyonyesha kila saa 2 au 3, kisha mrudishe. Maji na glukosi usimpe kwa hiari yako. Choo kikiwa laini cha kijani usishtuke; ndiyo bilirubini inatoka.

6. Joto la mwili lipimwe. Mombasa hii mtoto huchemka upesi kuliko anavyopoa.

7. Akishaanza taa, rangi ya ngozi hudanganya. Damu ndiyo itakayosema lini zizimwe, na ipimwe tena baada ya kuzimwa, kwani huweza kupanda.

MASWALI (kila moja na mtaa wa Mombasa lilikotoka)

Likoni: Mbona sisi tulianikwa barazani jua la asubuhi tukapona?
Wengi wenu manjano yangeisha yenyewe. Najua Sista Ward alianza na jua, lakini jua halina kipimo, lina joto na miale ya kuunguza. Nusu saa barazani si sawa na taa usiku na mchana. Nigeria wamelitumia jua lililochujwa kwa plastiki maalumu, lakini hospitalini, watoto wakiangaliwa.

Kibokoni: Nguo za mwanangu zilitoka sandukuni kwa mamamkwe, na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Kuna ubaya?
Upo, dada, na umeuliza jambo kubwa. Wako watoto, hasa wa kiume, waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Pwani yetu wapo wengi kwa sababu ya historia ya malaria. Harufu ya vidonge hivyo yaweza kuzivunja chembe zao za damu kwa ghafla. Zitoe nguo zote, zifue, zianike. Mtoto akiwa na manjano, mwambie daktari habari ya sanduku kabla hajauliza.

Kisauni: Nina balbu ya buluu ya sherehe. Yafaa?
La.

Changamwe: Nina mbalanga usoni na vidoleni. Nije mnimulike?
Taa hizi hazitakusaidia, bwana. Mbalanga na soriasisi hutibiwa kwa miale ya urujuanimno aina B, ya nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, dozi ikianza ndogo na kupandishwa polepole. Huvaliwa miwani, na wanaume hufunika sehemu za siri. Kwa mbalanga hesabu miezi. Uso huitika mapema. Ncha za vidole ni sugu, nisikudanganye. Muone daktari wa ngozi, wala usinunue taa mtandaoni ukajiunguza.

Mvita: Yule nyanya aliishia vipi?
Leso tuliitundika kwenye dirisha, ikawa pazia la kumsitiri mtoto. Nyanya akavuta kiti, akakaa hadi adhana ya alfajiri akikilinda kile kitambaa cha macho kisishuke puani.