Akili unde kwenye kompyuta za maktaba: namna ya kumsaidia msomaji na kulinda siri zake

Kompyuta moja ya maktaba hapa Mombasa hupitia mikono mingi kwa siku. Anainuka mwanafunzi, anaketi mzee wa Mji wa Kale mwenye barua ya kiwanja, kisha kijana anayetafuta kazi bandarini. Wote siku hizi wanataka ChatGPT au Gemini, programu za akili unde zinazojibu maswali na kuandika zinapoombwa. Wahudumu wenzangu, tusiwafukuze. Tuwasaidie hivi.

Hatua ya 1: Andaa kompyuta. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari. Dirisha hilo huzuia historia kubaki kwenye kompyuta, lakini halizuii kampuni yenye programu kupokea kinachoandikwa. Mweleze msomaji hivyo waziwazi. Akitumia akaunti yake, mwonyeshe kwenye mipangilio mahali pa kuzima ruhusa ya mazungumzo yake kutumiwa kuifunza programu. Akaunti yako usimwazime mtu.

Hatua ya 2: Ondoa utambulisho kabla ya kuandika. Hapa usiharakishe. Watu huja na karatasi nzima wakitaka kuipiga picha na kuipakia: jina, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), namba ya simu, hata majibu ya hospitali. Barua haihitaji hata kimoja cha hivyo ili iandikwe vizuri. Mwambie, "Mzee, tuache nafasi, utajaza mwenyewe kwa kalamu." Kisha andikeni pamoja:

*Niandikie barua fupi ya heshima kwa afisa wa ardhi, kuulizia ombi langu la hatimiliki limefikia wapi. Acha nafasi tupu za jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kiwanja na tarehe.*

Chapisha, ajaze pale pale mezani. Akikuomba umwandikie wewe, kumbuka umeshika data ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika.

Hatua ya 3: Hakiki jibu mbele yake. Anza na jambo lenye jibu rafuni. Muiulize programu ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa lini na Waomani waliiteka lini, kisha mfungue kitabu: 1593 na 1698. Halafu iombe vitabu kumi kuhusu historia ya mtaa wenu, mtafute kila kimoja kwenye katalogi. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo zinaweza kutunga kitabu kisichokuwepo na kukipa mwandishi wa kweli. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu vya kusoma likizoni, vingi havikuwepo kabisa. Isabel Allende alibandikwa riwaya ambayo hakuiandika. Aliyeitayarisha alitumia akili unde bila kuhakiki. Mwanafunzi akileta orodha ya namna hiyo kaunta, usimcheke, tafuteni pamoja.

Kuhusu dawa, kesi au ada za serikali, mpeleke kwa daktari, wakili au eCitizen yenyewe, tovuti ya huduma za serikali.

Hatua ya 4: Watoto. ChatGPT hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 13, na wa chini ya 18 anahitaji idhini ya mzazi. Wadogo waelekeze kwenye vitabu.

Hatua ya 5: Msomaji anapoondoka. Ahakikishe ametoka kwenye akaunti. Funga madirisha yote ya faragha, maana likibaki moja, kikao kinaendelea. Faili alizopakua hazijifuti, kwa hiyo zifute na umwage pipa la taka la kompyuta. Mwisho, angalia trei ya printa: barua zenye majina husahaulika hapo zaidi ya mahali pengine popote.