Kusajili domeni ya .co.tz: hakikisha jina la mmiliki ni lako

Wiki iliyopita ndipo tulipofanikiwa kuirudisha domeni ya duka la dada yangu, yaani jina la tovuti yake mtandaoni. Miezi miwili imekwenda kwa sababu ya sehemu moja tu ya fomu, na sitaki mwenye biashara mwingine yamkute.

Kutafuta jina ni rahisi. Domeni za .tz ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, lakini unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa. Biashara huchukua .co.tz, taasisi zisizo za faida .or.tz, mtu binafsi .me.tz. Kwa ndugu zetu wa Kenya, .ke iko chini ya KeNIC, kituo kinachosimamia domeni za huko.

Sasa fomu. Panapoulizwa mmiliki, andika jina la biashara lile lile lililoko BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na simu yako mwenyewe. Kijana aliyetutengenezea tovuti alijiandika yeye, pesa tukatoa sisi. Miaka miwili baadaye, taarifa za kulipia upya zikawa zinaingia kwenye barua pepe ambayo alishaacha kuifungua. Jumatatu asubuhi mteja wa Mwanza akampigia dada: "Oda niliyotuma imerudi, mmefunga?" Tovuti haipo, barua pepe za duka hazipo. Kwa msajili tukaambiwa anayetambulika ni aliyeandikwa. Tukapeleka cheti cha usajili, TIN, leseni, na barua ya kijana yenye sahihi yake ya kukubali kuachia. Kumpata yeye ndiko kulikokula wiki nyingi. Alishahama mji na kubadili namba.

Barua pepe ya mmiliki nayo isiwe ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikizimwa, nayo inazimika, na ujumbe wa kukuokoa hautakufikia.

Kisha utaombwa seva za majina, yaani kompyuta zinazojibu tovuti yako iko wapi, angalau mbili. Utapewa na anayehifadhi tovuti yako. Zinafanya kazi hivi: mteja akiandika domeni ya duka, ombi lake huelekezwa na seva za mizizi (zile za juu kabisa za mtandao) kwenda kwa seva za .tz, nazo humwelekeza kwenye hizo mbili zako, ndizo zenye anwani ya mashine ilipo tovuti. Ukikosea herufi moja, msururu unakatikia hapo. Na jibu la zamani huhifadhiwa njiani kwa muda uliowekwa, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Kwa hiyo unapohama, usizime seva ya zamani siku hiyo hiyo. Iache siku mbili tatu.

Ukishalipa, ingia mwenyewe kwenye akaunti ya msajili, badilisha nenosiri, usome jina la mmiliki herufi kwa herufi. Kama domeni ilishasajiliwa na fundi, mwombe abadilishe leo, wakati bado anapokea simu zako. Dada ameandika tarehe ya kulipia kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, juu ya mashine ya risiti, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe.