Namna ya Kuupendezesha Ukuta wa Zege Unaozuia Udongo Bustanini

Bustani iliyo kwenye mteremko hulazimika kuwa na ukuta wa kuzuia udongo, na mara nyingi ukuta huo hujengwa kwa matofali ya saruji au kwa zege tupu, bila mtu yeyote kufikiria utakavyoonekana baada ya miaka michache. Matokeo yake ni uso mrefu wa kijivu wenye michirizi myeusi na unga mweupe. Kuubomoa si jambo la busara, kwa kuwa umeshikilia tani nyingi za udongo. Kilichobaki ni kuupamba. Wengi hukimbilia kupaka rangi sehemu yote ya mbele, ilhali ubaya wa ukuta wa aina hii hutokana zaidi na kingo zake mbili: ile ya juu, ambako maji ya mvua humwagikia, na ile ya chini, ambako ukuta unachomoza ardhini ghafla bila kitu cha kuulainisha. Kingo hizo zikitengenezwa vizuri, kazi inayobaki katikati huwa ndogo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba ukuta ni mzima. Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye kitu kizito nchani, kutoka juu, kisha pima umbali kati ya uzi na ukuta sehemu ya juu, katikati na chini. Kuta nyingi za kuzuia udongo hujengwa zikiegemea nyuma kidogo, kuelekea udongo wenyewe, na hiyo si kasoro. Dalili mbaya ni ukuta ulioinamia mbele, uliofanya tumbo katikati, au wenye ufa unaopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali. Ukiona ufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe pembeni, na uutazame tena baada ya msimu wa mvua. Ikiwa umevuka alama, anayehitajika ni mhandisi, wala si mpaka rangi. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa ukuta unaozidi kimo cha mita 1 hivi, ambao katika sehemu nyingi huhitaji kibali cha ujenzi.

Jambo la pili la kukagua ni maji. Maji yakikwama nyuma ya ukuta huusukuma kwa nguvu kuliko udongo mkavu, na ndiyo sababu ukuta uliojengwa vizuri huwa na matundu ya kutolea maji karibu na sehemu ya chini, kwa kawaida vipande vya bomba vyenye kipenyo cha milimita 50 hadi 75. Yazibue kwa ufito butu, taratibu, ili usitoboe kitambaa au kutawanya kokoto zilizowekwa nyuma yake kuchuja udongo. Kuanzia hapo, chochote utakachokiongeza, kiwe plasta, mawe, mbao au tuta la maua, kiyaache matundu hayo wazi. Ule unga mweupe nao ni kazi ya maji: yanapopenya ndani ya saruji huyeyusha chumvi, na yanapokauka huziacha juu ya uso. Uondoe kwa brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, kwa sababu kuumwagia maji huzirudisha chumvi ndani, zikangoja siku nyingine. Asidi kali, ambayo baadhi ya mafundi huipendekeza, hula saruji yenyewe, nami singeitumia hata kidogo.

Sasa tuje kwenye ukingo wa juu, ambao kwa maoni yangu ndio unaostahili sehemu kubwa ya fedha zako. Michirizi myeusi unayoiona haikuanzia katikati ya ukuta. Ilianzia juu, mahali ambapo maji yaliyobeba vumbi na udongo hupita ukingo na kuteremka yakiambaa na uso. Dawa yake ni kuufunika ukuta kwa vibamba vya mawe au vya zege vilivyo vipana kuliko ukuta wenyewe, vikitokeza mbele kwa sentimita 3 hadi 4 na kuinama kidogo kuelekea upande unaotaka maji yaende. Kabla ya kuvipanga, pindua kila kibamba na utazame upande wake wa chini: kando ya ukingo unaotokeza panapaswa kuwa na mfereji mwembamba, upana wa kidole kidogo hivi, uliochongwa kwa urefu wote wa kibamba. Tone la maji hupenda kung'ang'ania upande wa chini na kutambaa hadi kwenye ukuta. Likifika kwenye mfereji huo haliwezi kuuvuka, hivyo hudondoka chini mbali na ukuta. Ikiwa vibamba ulivyopata havina mfereji, fundi anaweza kuukata kwa mashine ya diski kwa muda mfupi. Mstari wa vibamba vilivyonyooka, vilivyopangwa kwa pimamaji, pia huupa ukuta umaliziaji ambao jicho huutambua mara moja hata kabla uso haujaguswa.

Kuhusu uso, tatizo la rangi za kawaida za nje ni kwamba hutengeneza ngozi isiyopitisha unyevu. Ukuta wa nyumba hupata maji hasa kutoka nje, lakini ukuta wa kuzuia udongo hupata unyevu kutoka nyuma muda wote. Unyevu huo ukikosa njia huisukuma rangi, ikafanya malengelenge na kubanduka vipande vipande. Chokaa haina shida hiyo, kwa kuwa hupitisha mvuke. Ichanganye na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta, kisha paka tabaka jembamba na uliache likauke hadi kesho yake kabla ya kuongeza jingine. Tabaka 3 au 4 nyembamba hushika vizuri kuliko moja nene, ambalo hupasuka na kudondoka kama unga. Usifanye kazi hiyo jua likiwa kali, vaa glavu na miwani kwa kuwa chokaa huunguza macho, na usiipake juu ya rangi ya zamani, kwani haitashika. Kama ukuta ni mpya au umepigwa plasta karibuni, subiri siku 28.

Chokaa inaweza kutiwa rangi za unga za madini, ambazo hutoa wekundu wa udongo, kahawia na manjano iliyofifia. Kiasi chake kisizidi sehemu 10 kwa 100 za uzito wa chokaa. Fanya jaribio kwenye kipande kidogo kwanza, kwa sababu rangi inayoonekana iliyokoza ikiwa mbichi hupauka sana ikikauka. Ningeshauri uepuke weupe mtupu. Ukuta mweupe huvuta jicho, na kila mvua hurusha matone ya tope sehemu yake ya chini. Kijivu chenye ukijani au kahawia ya udongo huufanya urudi nyuma, na majani yaliyo mbele yake ndiyo yakaonekana.

Kuvika ukuta mawe ni kazi nzuri lakini ya gharama, na ni afadhali aifanye fundi mwashi. Mbao ni rahisi zaidi: zipigiliwe juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, zinazoziweka mbali na ukuta ili hewa ipite, na ncha zake za chini zisiguse ardhi.

Mimea ndiyo inayobadilisha ukuta kuliko kitu kingine chochote, ila lazima ujue inavyopanda. Iko inayojishikiza yenyewe kwa vijizizi, kama Ficus pumila, mtini mdogo unaotambaa, ambao huufunika ukuta kwa majani madogo yaliyobana kama zulia. Ukifika juu hutoa matawi manene yenye majani makubwa yanayotokeza nje, kwa hiyo hauwezi kuachwa bila kupogolewa, na ukiung'oa huacha alama zisizofutika kwa urahisi. Mpasheni hushika kwa vikono vyake na huhitaji kitu chembamba cha kuvizungushia, ilhali bogenvilia haishiki popote na lazima ifungwe. Kwa aina hizi mbili za mwisho, tandaza nyaya zisizopata kutu, zenye unene wa milimita 2 hadi 3, zikiachana kwa sentimita 30 hadi 45, juu ya skrubu zenye pete zinazoziweka sentimita 5 hivi mbele ya ukuta. Ukitoboa ukagonga nondo, hamisha tundu, usiikate.

Kwenye ukingo wa chini, panda miche sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani na uilaze kidogo kuuelekea, kwani udongo uliogusana na ukuta hukauka haraka. Usichimbe shimo refu kando ya msingi, kwa kuwa udongo wa mbele ndio unaouzuia ukuta usiteleze. Ukihitaji kina zaidi, tumia vyungu vikubwa. Juu ya ukuta nako panda mimea inayoning'inia na isiyohitaji maji mengi, kama rozmari itambaayo, kwa sababu kila ndoo unayoimwagilia huko huteremkia nyuma ya ukuta. Miti na mianzi ikae mbali kabisa.

Ukiweka taa, usizielekeze juu zikiwa zimegusa mguu wa ukuta, kwani mwanga wa pembeni hufichua kila alama ya mwiko na kila tofali lililokaa vibaya. Ziweke mbali na ukuta, mbele ya mimea mikubwa, na kivuli cha majani kitaangukia ukutani chenyewe.